Asubuhi ya Chanjo ya Mwisho

Kiwandani wananiita Mama Kola, kwa sababu nashona kola tu. Mikono na vifungo vina wenyewe. Nikikosekana, mashati yanarundikana mezani kwangu bila shingo, na msimamizi anafoka mpaka anasikika getini. Ruhusa ni ya asubuhi moja tu, tena uonyeshe kadi ya kliniki yenye tarehe ya chanjo.

Kazi ya kwanza niliipoteza kwa surua. Mwanangu mkubwa nilimrukisha chanjo nikiogopa kukosa kazi nusu siku. Nikakosa wiki tatu, nikikesha naye wodini mpaka akapona, na niliporudi nikakuta mwingine kwenye cherehani yangu. Sikuziba ufa, nikajenga ukuta.

Kwa huyu mdogo sikuacha tarehe hata moja ipite. Hajaugua surua, nami sijasimamisha mstari wa washonaji. Msimamizi ananisifu mbele ya wenzangu. Ila niseme ukweli: kaka yake, kwa zile wiki tatu, alinipata. Huyu ananipata siku za sindano tu. Surua sitaki kuisikia, Mungu apishe mbali. Namtaka mwanangu tu, mchana, akiwa mzima.

Anashinda na mama yangu. Zamani alikuwa akilia kila alfajiri nikitoka, mpaka bibi yake akamfundisha kazi: alete viatu vya mama, kimoja kimoja, kisha apunge mkono. Sasa halii. Anajivuna kama karani mpya.

Siku ya chanjo ya mwisho nesi alimchoma, akaifunga kadi.

"Hongera, mama. Mmemaliza."

"Hakuna nyingine? Hata ndogo?"

Akacheka. "Wenzako tunawafuata mpaka majumbani, wewe unaomba nyongeza!"

Nikacheka naye, lakini roho iliniuma.

Saa nne tulikuwa nyumbani. Kazini nilitakiwa saa saba. Nilivua viatu, nikavisukuma chini kabisa ya kitanda, nikakaa mkekani. Tukapanga vifuniko vya chupa, akavibomoa, tukapanga tena. Akanikalia mapajani. Nywele zake zilinukia sabuni ya bibi yake. Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Kisha akashuka, akatambaa chini ya kitanda. Akatoka na kiatu kimoja, akakiweka mbele yangu. Akarudi kufuata cha pili.

"Bado, baba," nilimwambia. "Leo mama yupo."

Akanitazama kama fundi aliyeona kazi imeharibika. Akaukamata mguu wangu kwa mikono miwili, akausukuma ndani ya kiatu.

"Mama, kazi," akasema, akapunga mkono.

Mama yangu alisimama mlangoni, ameshika kikombe. "Usimjali, mwanangu. Hajui huyo."

Nilijua hajui. Ilikuwa saa nne na nusu.