Gauni Langu la Kanyosha

Léoncie hakwenda sokoni siku ile kutafuta ugomvi. Alikwenda kutafuta kitu cha kuvaa kazini.

Tangu walipokimbia nyumba yao ya mtaa wa Kanyosha, asubuhi moja ya risasi, yeye, mumewe Térence na binti yao Chanelle walikuwa wakilala chumba kimoja kwa dada yake Laure, mtaa wa Kinanira. Waliporudi kuiangalia nyumba, hawakukuta hata mlango. Vitanda, sufuria, nguo, hadi mabati ya jikoni, vyote vilikuwa vimekwenda. Léoncie alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali, na kila asubuhi alivaa magauni ya Laure, mwanamke mwenye mwili, akiyakaza kiunoni kwa mkanda. Wenzake ofisini walimpa pole mpaka pole zenyewe zikamchosha.

"Naenda chaguwa," akamwambia mumewe Jumamosi moja.

"Chaguwa gani na hii ambargo?" Térence akauliza. "Mabalo hayaingii tena."

Alisema kweli. Nchi jirani zilikuwa zimefunga mipaka, na mabalo, yale marobota ya chaguwa, nguo kuukuu za Ulaya, yalikuwa yamekwama bandarini huko Tanzania na Kenya. Lakini soko kuu halikufungwa. Upande wa nguo, wanawake waliendelea kumwaga marundo yao juu ya maturubai, na wateja waliendelea kuinama na kuchambua. Marundo yalikuwa madogo tu, na hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Muuzaji ambaye Léoncie alimpenda tangu zamani aliitwa Mwavita, mzaliwa wa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Zamani za amani Mwavita alikuwa akifungua balo zima mbele ya wateja wake, akicheka na kuwatania. Sasa alinunua kwa yeyote aliyekuja na furushi begani. Alikuwa na watoto wa kulisha, na mumewe alibaki kule kwao bila habari.

"Karibu, Mama Chanelle! Umekonda sana," Mwavita akasema. "Inama, chagua. Kwako nitapunguza."

Léoncie akainama. Akatupa kando sketi iliyopauka, akatupa koti la mtoto, kisha mkono wake ukasimama kabla macho hayajaelewa. Chini ya rundo palikuwa na gauni la kijani kibichi, kola pana, vifungo vyeupe vikubwa, mshono wa zamani ule waliovaa mama zetu walipopiga picha studio siku za uhuru. Akalivuta polepole.

"Iyo utanisaidia kuiondoa," Mwavita akasema. "Iko muzuri, lakini iko na kasoro. Mukono moja ni mufupi. Kila mutu anaijaribu, anairudisha."

"Siyo kasoro."

"Unasema nini?"

"Nasema siyo kasoro. Angalia."

Akalivaa palepale, juu ya blauzi na kitenge. Mikono yote miwili ya gauni ikaishia sawasawa kwenye vifundo vya mikono yake. Kisha akainyoosha mikono yake mwenyewe mbele, kiganja kando ya kiganja, na Mwavita akaona kwamba mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Léoncie aliuvunja akiwa msichana kule Mugamba, na aliyeuunga mfupa aliuunga vibaya. Maisha yake yote fundi alimkatia nguo zake hivyo, upande mmoja mfupi.

"Yesu wangu," Mwavita akasema, akakaa chini. "Mama, mi sikuiba."

"Najua. Nililinunua hapahapa, kwako, Chanelle alipokuwa angali tumboni. Umesahau tu. Nani amekuletea?"

Macho ya Mwavita yalikwenda yenyewe kwenye kibanda cha soda. Pale alikuwa ameegemea kijana mmoja, Jimmy, miguuni kwake kukiwa na furushi jingine. Jimmy alikuwa mmoja wa vijana waliosimamisha watu kwenye vizuizi vya Kanyosha. Watu wote walijua kilichovimbisha mfuko wa koti lake, maana siku zile kupata gruneti, bomu la mkono, kulikuwa rahisi kuliko kupata kilo ya sukari.

Alikuwa ameona gauni likivaliwa. Akaja taratibu, kama mtu anayekuja kumtetea muuzaji wake.

"Mama, unanunua ama hununui? Kama hununui, vua."

"Sinunui," Léoncie akasema. "Na sivui."

"Kumbe we ni mwizi."

"Iyi nguo ni yangu. Ilitoka kwenye nyumba yangu, Kanyosha."

Jimmy akacheka, akawageukia wauzaji wengine ili nao wacheke. "Munamusikia? Anasema nimeiba!"

"Mi sijasema umeiba. Nimesema nguo ni yangu. Iyo neno ya kuiba umeitoa wewe."

Hakuna aliyecheka. Jimmy akamsogelea zaidi. "Hata we uliitoa chaguwa. Ni nguo ya muzungu aliyeitupa. Yako imekuwaje?"

"Mi niliinunua," Léoncie akasema. "We uliinunua wapi?"

Hapo kijana akaingiza mkono mfukoni na kuuacha mle. Mwanamke wa vitenge akakusanya bidhaa zake kwa kumbatio moja akakimbia. Wateja wakaanza kurudi nyuma, kila mtu akimkanyaga mwenzake. Léoncie alijua kabisa kwamba jambo la akili lilikuwa kuvua lile gauni na kwenda nyumbani kwa mtoto wake. Akafunga kifungo cha juu, kile cha kwenye kola.

"Lipua basi," akasema. "Lakini ujue, wakinizika, watanizika nimevaa nguo yangu. Sitakufa nimeazima."

Muuza viatu wa jirani, mwanamume mtu mzima, hakukimbia. Akaendelea kupanga viatu vyake pea kwa pea huku akimtazama Jimmy usoni. Waliobaki nao wakamtazama. Pengine hilo ndilo lililomshinda kijana, kwa kuwa kule kwenye kizuizi chake kila mtu aliinamisha macho. Akautoa mkono mfukoni, mtupu. Akalipiga teke rundo la Mwavita, mashati yakatawanyika kwenye tope.

"Nitajua mahali munalala," akasema. "Nyote wawili."

"Jimmy!" Mwavita akaita. Alikuwa amesimama tena. "Beba furushi yako. Kwangu apana kuleta tena. Apana!"

Jimmy akaondoka bila kugeuka, na furushi akaliacha. Ndipo Léoncie akaenda nyuma ya vibanda, akashika ukuta, akatapika.

Huko Kinanira, Térence alipoambiwa, alizunguka chumba kile kidogo kama mtu aliyepoteza kitu. "Ulitaka tukuzike kwa ajili ya kitambaa? Nguo ni nguo, Léoncie!"

"Walichukua nyumba, nikanyamaza. Walichukua kitanda nilichomlazia mtoto, nikanyamaza. Sasa niende kuwashukuru waniuzie gauni langu?"

"Yule kijana atakuja."

"Basi aje. Atanikuta nimelivaa."

Jimmy hakuja Kinanira. Jumatatu Léoncie alikwenda kazini na gauni lake, limefuliwa na kupigwa pasi ya makaa. Mkuu wake akasema rangi ile ni ya sherehe na nchi iko kwenye msiba. Léoncie akamjibu kwa adabu kwamba msiba anaujua, asante, akaketi kwenye mashine yake.

Lakini Jumamosi iliyofuata nafasi ya Mwavita sokoni ilikuwa tupu. Muuza viatu akamweleza Léoncie kwamba vijana walikuja kumtisha, wakachoma turubai lake, naye akahamia Buyenzi. Léoncie akashuka mpaka Buyenzi, mtaa ambako watu wa kila kabila walikuwa wamekataa kutengana, akaulizia mtaa kwa mtaa. Akamkuta kwenye baraza ya mzee mmoja fundi wa magari, Massoudi, aliyempa nafasi na kumwambia asimlipe kitu mpaka mabalo yarudi.

Mwavita hakuwa ametandaza rundo. Alikuwa amefunga kamba ukutani, na juu yake ametundika, moja moja, nguo zote za furushi la Jimmy, zikiwa safi.

"Hizi siziuzi," akasema kabla ya kuulizwa. "Nimelia sana juu yako, Mama Chanelle. Nami niliacha nyumba Uvira. Pengine iko mutu kule anauza kitenge changu. Waambie watu wa Kanyosha waje waangalie."

"Utakula nini?"

"Mungu anajua. Lakini sitakula hivi."

Léoncie akawaambia watu ofisini, akawaambia kanisani baada ya misa, hata wale ambao siku hizo hawakuwa wakisalimiana. Wakaja, mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi. Wengine walichambua wakaondoka mikono mitupu. Mama mmoja alipata shali ya kumbebea mtoto, akainusa muda mrefu, na Mwavita akageuza uso. Kijana fulani alipita akauliza kwa ukali nani kawapa ruhusa. Mzee Massoudi akatoka uvunguni mwa gari na spana mkononi, akamuuliza ruhusa ya nini, ya kuanika nguo?

Jumamosi ya mwisho wa mwezi Térence naye alikuja, ingawa alikuwa ameapa hatakanyaga pale. Akaitazama kamba yote, mwanzo hadi mwisho, akitafuta koti lake la harusi. Halikuwepo. Kisha akaona kamba imelegea upande wa mlangoni na nguo zinakaribia kugusa vumbi, akaomba kiti, akapanda, akaanza kuikaza.