Kioo Chenye Sura ya Jotham

Siku ya nne upepo haukutulia, na Lemuel Haskett naye hakutulia. Alikwenda ukingoni mwa genge, akarudi, akaenda tena, akiitukana misonobari ya milima ya Sierra iliyokataa katakata kusimama kimya apate kuyapiga picha maporomoko ya maji ng'ambo.

"Kaa ule maharage," mkewe Orpha alimwambia. "Upepo hauogopi matusi."

"Mshindani wangu Crandall yuko njiani na kamera kubwa kuliko yangu, wewe unaniletea habari za maharage!"

Vidole vya Orpha vilikuwa vyeusi kwa maji ya fedha, dawa ya kupigia picha, maana kazi ya hema la giza ilikuwa yake: kupaka dawa kioo cha kunasia picha, kukichovya, kumpa mumewe kingali kibichi, kisha kukipokea mbio na kuisafisha picha kabla dawa haijakauka. Ukichelewa dakika chache, kazi bure. Jina lililoandikwa kwenye picha lilikuwa la Lemuel. Hilo alishalizoea.

Asilolizoea ni kifo cha mdogo wake. Jotham, mwongoza nyumbu wao wa mizigo, alichukuliwa na mto wiki iliyopita, yeye na nyumbu na sanduku la vioo. Maiti haikuonekana. Vilibaki vioo viwili, na asubuhi hiyo upepo uliangusha hema, kimoja kikapasuka. Cha pili kilikuwa na picha ya Jotham, amesimama ukingoni ili watu wa mjini wajue ukubwa wa genge.

"Kikwangue tukitumie upya," Lemuel alisema.

"Lem! Hatuna sura yake nyingine."

"Najua, mke wangu. Lakini nani asiyekwangua vioo? Ndiyo kazi yetu. Miezi miwili tunapanda, turudi mikono mitupu?"

Orpha alichukua kisu, akaingia hemani. Alikiweka kioo mbele ya sketi yake nyeusi, maana picha ya kioo huonekana vizuri mbele ya weusi, na uso wa Jotham ukajitokeza mweupe, na ule ukaidi wake. Moyo ulikataa.

Ghafla misonobari ikanyamaza.

"Orpha! Upepo umekufa! Lete, lete, lete!"

Akakitia kioo ndani ya kisanduku chake kisichopitisha mwanga, akatoka nacho. Lemuel alikinyakua, akakipachika kwenye kamera, akafungua lenzi huku akihesabu kwa sauti. Ng'ambo, maporomoko yalimwagika meupe, wala hapakutikisika hata jani. Alipofika thelathini alifunga, akaruka kama mtoto.

"Nimeyapata! Kimbia ukasafishe!"

Orpha hakukimbia. Alikitoa kioo pale pale juani, akampa.

"Mungu wangu, jua! Umekiua!" Kisha akakitazama, na rangi ikamtoka usoni. Alikuwa Jotham, vilevile alivyokuwa.

"Hukukikwangua," alisema polepole. "Umeniacha nihesabu kama mwehu."

"Nilishindwa kukwambia. Nisamehe kwa hilo tu."

"Crandall atayapiga picha yeye! Sitakusamehe, Orpha. Sikusamehe!"

"Maporomoko yatakuwepo mwakani, Lem." Sasa alikuwa analia waziwazi, bila kujificha. "Mama yangu atanipokea mlangoni, ataniuliza Jotham yuko wapi. Sina hata kaburi la kumwonyesha. Lete kioo changu."

Upepo ulikuwa umeanza tena. Lemuel alikishika kioo kwa mikono miwili, akakitazama kitambo, akampa.