Tanga la Jua Ghalani kwa Bibi Rozina

Bibi Rozina wa Msanzi alikuwa na ugomvi na mjukuu wake Bertila: ghala la ulezi limegeuzwa maabara. Matundu yote yamezibwa udongo, na katikati karatasi ya alumini, nyepesi kama ganda la kitunguu, inaning'inia kwa uzi.

"Ndilo hilo tanga la kwendea kwenye nyota?"

"Ndilo, Bibi. Mwanga wa jua unalisukuma. Chombo hakibebi mafuta."

"Unalisukuma kiasi gani?"

"Tanga kama uwanja wa mpira linasukumwa kwa uzito wa punje ishirini hivi za mahindi."

"Punje ishirini! Mke mwenzangu, hata kuku wangu hatishiki kwa hizo."

"Kule hakuna hewa ya kulizuia. Linasukumwa leo, kesho, mwaka mzima. Mwendo unajikusanya."

Nje, mwalimu Lutengano wa fizikia alikuwa ameshapanda pikipiki. Mashindano ya sayansi mjini Sumbawanga yanaanza saa nne, na mshindi atasomeshwa hadi kidato cha sita. Baba yake Bertila alishasema: akikosa, ashike jembe.

Bertila akawasha taa ya lori aliyoiunga kwenye betri, chini kando ya tanga. Tanga likageuka taratibu.

"Umeona, Bibi? Nimeshaandika: mwanga umelisukuma."

Sasa, Rozina amepepeta ulezi miaka sitini. Mpepetaji hamwagi nafaka kabla ya kuuliza upepo. Huachia makapi kidogo kwanza, aone yanakokwenda. Mkono ukajiendea wenyewe, ukachota makapi sakafuni, ukayaachia. Makapi yalipofika juu ya taa yakapanda kama yamefukuzwa, yakazunguka, yakalipitia tanga.

Ajuza alitamani ayadake ayatafune. Lakini Bertila alikuwa ameshayaona.

"Ni hewa," akasema. "Taa inapasha hewa moto."

"Macho yangu mabovu, mwanangu. Mimi sijaona kitu."

"Umeona, Bibi."

Lutengano akachungulia mlangoni. "Shikamoo, Bibi. Bertila, limecheza? Twende."

"Limechezeshwa na hewa, Mwalimu."

Mwalimu akayatazama makapi, akamtazama bibi. "Majaji hawapepeti ulezi," akasema polepole. "Ukiwaambia hivyo, nafasi imekwenda."

Bertila akafungua daftari, akakata mstari mmoja, akaandika juu yake: *Hewa ya moto imeligeuza. Msukumo wa mwanga sijaweza kuupima.* Akakunja tanga, akapanda pikipiki nyuma ya mwalimu.

Rozina akatafuta mzaha wa kuwasindikizia. Akaukosa.