Upande wa Kushoto wa Mzee Kondo

Wahenga walisema macho hayana pazia. Waongo. Macho yanalo pazia, tena zito, na hapa Tabora limeshonwa kwa adabu: ukimkazia mkubwa macho unaambiwa hukufunzwa kwenu. Advera alilijua pazia hilo tangu utotoni, Ulyankulu. Ndiyo maana siku Mwalimu Raymundi alipowaambia wanafunzi wake wa sanaa, "Mkaa hauna aibu, chora unachokiona, usichore unachokijua," alijisikia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni kichwani.

Muhula mzima aliishika amri hiyo. Walijichomea wenyewe vijiti vya mkaa ndani ya makopo ya maziwa yaliyozibwa kwa udongo, wakachora mitungi, viatu vikuukuu, fuvu la ng'ombe. Makosa waliyafuta kwa tonge la mkate, na Jeska, rafiki yake, kila mara alikuwa ameshakula la kwake kabla hajakosea.

Mtihani wa mwisho ulikuwa uso wa mtu. Asiyeupita hapati cheti. Advera alikihitaji cheti kile kama kiu inavyohitaji maji, kwa kuwa shule moja ya misheni huko Urambo ilimwahidi kazi ya kufundisha uchoraji akishakipata, na mama yake ndiyo kwanza alikuwa ameacha kumwita arudi kwenye tumbaku.

Mtu wa kuchorwa akawa Mzee Kondo, mwenyekiti wa bodi ya chuo. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, alikuja Tabora akiwa kijana wa reli, akaoa, akazeeka, hakurudi tena. Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mdomo ukashuka, jicho likalegea. Mjini hakuna aliyelitaja jambo hilo. Watu walimwamkia huku wakilitazama bega lake.

Akaketi katikati ya darasa ndani ya kanzu nyeupe, wanafunzi wakamzunguka. Nafasi zilipigiwa kura. Advera akaangukia kushoto kwa mzee.

Tarsisi, Mnyamwezi wa hapo hapo mjini, alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akampima mzee kwa kijiti kama walivyofundishwa.

"We mtoto, unanikonyeza?" Mzee Kondo akauliza.

"Napima sanda, babu. Nyie Wazaramo kwa vya bure hamjambo, nisije nikakata kitambaa kirefu."

"Mnyamwezi ana pesa ya sanda! Babu zako walibeba pembe mpaka Bagamoyo, wakarudi na shanga!"

Darasa likaangua kicheko. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Hutukanana hata kaburini na hakuna anayenuna. Mwishoni Tarsisi alipouonyesha mchoro wake, mzee akiwa amepewa masikio ya punda, Mzee Kondo alicheka mpaka akafuta machozi. "Huyu ndiye mtani wangu hasa," alisema. "Mpe alama zake, mwalimu."

Mzee akainuka, akazunguka na mwalimu kuitazama michoro mingine. Jeska naye alikuwa kushoto, lakini mdomo aliomchorea mzee ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wote wa upande ule walikuwa wamemnyoosha. Mwalimu Raymundi alipita nyuma yao, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kana kwamba hakuwa na macho.

Kisha wakafika kwa Advera.

Mdomo ulikuwa umeshuka. Pembeni yake palikuwa na unyevu, mng'ao mdogo alioutoa kwa mkate. Kiganjani mlikuwa na leso iliyokunjwa tayari. Jicho moja lilikuwa limelegea, na la pili lilikuwa kali, kama linamlinda mwenzake asionekane. Hakuongeza kitu, hakupunguza kitu. Kicheko cha darasa kikafa.

"Ndivyo nilivyo?" Mzee Kondo akauliza.

"Kwa upande huu, ndiyo, babu."

"Wewe kabila gani, mjukuu wangu?"

"Mrundi, babu. Wa Ulyankulu."

"Kumbe wa kambi ya wakimbizi," mtu akanong'ona nyuma, si kwa sauti ndogo sana.

Mzee akaipeleka leso mdomoni. "Basi huna utani na mimi. Yule kanipa masikio ya punda, nimecheka. Wewe hukunicheka. Hilo ndilo limeniuma."

Akatoka, akaenda kuketi ofisini. Mwalimu Raymundi akamvuta Advera kwenye veranda.

"Sikiliza. Mchoro wako ndio bora kuliko yote. Nauona."

"Asante, mwalimu."

"Sasa nenda ukamwombe radhi. Mwambie ulikuwa unatania. Sema bibi yako alikuwa Mnyamwezi. Atacheka, yataisha."

"Bibi yangu kazikwa Ulyankulu, Mrundi kwa baba na mama."

"Nani atakwenda kumuuliza?"

"Mwalimu, ulisema tuchore tunachokiona."

"Nilisema darasani."

"Kwani tulikuwa wapi?"

Mwalimu aligeuza uso, akaanza kujipangusa vumbi la mkaa ambalo halikuwepo. "Bila radhi, kazi yako siipokei. Huko Urambo utawaambia nini?"

Advera aligeukia mlango wa darasa. Alikuwa akimsikia Tarsisi ndani, akiwachekesha wenzake kwa masikio yake ya punda. Yeye Advera alizaliwa mkoa huu, uraia anao, Kiswahili chake hakina kigugumizi. Ila misafara ilipita bila babu zake, na utani ukagawiwa wao wakiwa hawapo. Mwenye utani anaweza kumfanya mzee punda akapewa alama. Asiye nao hata ukweli anaazima, na sasa alikuwa akidaiwa aurudishe.

Akaelekea ofisini. Mwalimu Raymundi akashusha pumzi, akamfuata mbio mbio.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Amekuja na neno, mzee," mwalimu akawahi. "Watoto hawa, unawajua, masihara mengi. Sema, Advera."

Mzee Kondo alikuwa ameketi akiwapa upande wa kulia. Advera akaizunguka meza, akasimama kushoto kwake, akamtazama usoni.

"Babu, mwalimu anataka niseme nilikuwa natania. Nikisema hivyo ndipo nitakuwa nimekutukana. Nimekutazama asubuhi nzima. Wenzangu wamekunyoosha mdomo kwa sababu hawataki kukuona."

"Advera!" mwalimu akafoka. "Omba radhi!"

"Kazi yangu usiipokee, mwalimu. Radhi siombi."