Sauti ya Unnur

Saa moja kasoro robo asubuhi, kwenye bwawa dogo la maji moto mtaani Vesturbær, Reykjavík, Unnur aliingia, akakaa kwenye kona yake na kuinamisha kichwa badala ya kusalimia. Hakuna aliyeshangaa. Unnur ni mjumbe wa kamati ya benki kuu inayopanga riba, na juma moja kabla ya kikao wajumbe hawaruhusiwi kusema neno kuhusu riba. Wenzake hujizuia tu. Yeye sauti humtoka kabisa siku ya Alhamisi, ikarudi Jumatano inayofuata, riba ikishatangazwa.

Safari hii sauti hiyo ilimwingia Dýrleif, mpishi wa shule, aliyekuwa amekaa mkabala naye. Dýrleif alitaka kusema maji yamezidi moto. Mdomo wake ukasema, kwa sauti ya Unnur, kwamba watu wameshazoea bei kupanda, na wakizoea hivyo hazitashuka.

“Makubwa! Leo umeamka profesa,” akasema Hjörleifur, dereva wa teksi mstaafu. “Haya tuambie, riba inapanda?”

Dýrleif akaziba mdomo kwa mkono. Mkopo wa nyumba yake ulikuwa unaingia kwenye riba mpya mwezi uleule. Ikipanda nusu asilimia tu, nyumba inakwenda, na humo ndani alikuwa anaishi na mama yake wa miaka themanini na nne.

Jumanne gari la benki kuu likaja kumchukua Dýrleif, maana kura hufuata sauti. Alikaribishwa kahawa na maandazi ya kusokota. Wajumbe wawili walitaka riba ipande, wawili walitaka ibaki ilipo. Mwenyekiti akamgeukia yeye. Dýrleif akauma meno. Sauti ikapenya katikati ya meno, tulivu kabisa, ikaeleza kodi za nyumba, bei za vyakula na mishahara.

“Nusu asilimia juu,” ikamalizia.

Hapo Unnur, aliyekuwa amekaa kando, kimya siku zote hizo, akafungua mdomo, na kilichotoka ni sauti ya Dýrleif.

“Jamani, nawaombeni. Mama yangu haoni. Ile nyumba anaijua kwa kupapasa kuta.”

Unnur alikuwa analia, na machozi yalikuwa yake mwenyewe.

“Pole sana, dada,” akasema mwenyekiti, na alimaanisha. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu za kikao: mjumbe mmoja aligusia mzigo kwa kaya. Mimi naiita dhuluma, hata kama waliifanya kwa upole na hesabu zao zilikuwa sahihi.

Jumatano, redio ilipotangaza riba, kila sauti ilirudi kwa mwenyewe. Dýrleif alimkuta mama yake jikoni, ameshateremsha sahani zote, anazifunga kwenye magazeti moja moja.

“Kura zilikuwaje?”

“Tatu kwa mbili, mama.”

“Hiyo ya tatu ya nani?”

“Imetoka mdomoni mwangu.”

Mama akaitikia kwa kichwa, akamnyooshea sahani.

“Funga na hii. Polepole, ina ufa.”