Vituo Vya Bondeni

Kazini walimwita Macho, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutazama. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na feni bovu, kiti kilichochanika ngozi, na seva iliyokoroma kutwa kucha kama mgonjwa wa pumu. Seva hiyo ilipokea habari za vituo vyote vya pampu vya kampuni ya maji, vilivyopangana kando ya mto, mbali huko ambako Macho hakuwahi kutia mguu. Kila kituo kilikuwa na mtandao wake mdogo na antena yake. Kikiwa kizima, kilionekana kwenye skrini kama kitone cha kijani. Kikizimika, kitone kiligeuka chekundu.

Kituo cha mwisho, chini kabisa bondeni, alikilinda kaka yake, aliyeishi papo hapo na mke na watoto. Kwa vile alikuwa pande la mtu, wote walimwita Sindano.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri. Adhuhuri, kituo cha juu kabisa kikazimika. Macho hakushtuka, vituo havikosi visa. Hajamaliza chai yake, cha pili nacho kikaenda. Kisha cha tatu.

"Bosi, njoo uone!" aliita. "Vinazimika kwa kufuatana, kutoka juu kushuka chini."

Bosi alichungulia kutoka mlangoni. "Umeme huo."

"Umeme ukikatika betri zinashika, na tunapata taarifa. Hivi vimekufa ghafla tu. Na hakuna kinachotegemea antena ya mwenzake. Huo ni mto, bosi. Maji yanashuka."

"Ukiwakurupusha watu halafu ikawa mashine zako, nani atajibu? Subiri niongee na wakubwa."

Akatoka. Macho akasubiri. Alisubiri mpaka cha nne kikageuka chekundu, ndipo akashika simu.

"Mdogo wangu!" Sindano alipokea mdomo umejaa. "Umeniotea, niko vitani na sahani."

"Kaka, iache hiyo sahani. Maji yanakuja. Mchukue wifi na watoto, mpande kilimani, sasa hivi!"

"Maji gani? Huku hata manyunyu hakuna."

"Yameshameza vituo vinne. Nakuomba, kaka."

Akasikia kiti kikianguka. Akamsikia akimwita mkewe, mtoto akililia viatu, mlango ukibamizwa, kisha pumzi za mtu mzito anayekimbia.

"Wametangulia," alisema Sindano hatimaye. "Namfuata mzee wa jirani. Unajua hawezi kutembea."

"Usirudi!"

"Sasa nimwache, Macho? Ngoja, nitakupigia."

Simu ikakatika. Kitone chake kilikuwa bado kijani, na Macho hakuthubutu hata kupepesa. Bosi aliingia akisema wakubwa wako kikaoni. Hakumaliza sentensi. Kitone kiligeuka chekundu wote wawili wakikitazama.

Walimkuta chini ya tope maji yalipopungua, mikono ya mzee bado imemshika shingoni. Bondeni hakukubaki nyumba hata moja.

Baada ya mazishi, wifi yake alikuja kuketi naye mkekani, nje ya nyumba ya kilimani walikohifadhiwa yeye na watoto. Mtoto mdogo alikuwa amelala mapajani mwa shangazi yake.

"Nataka kukuuliza kitu, wifi, na usinifiche," alisema mjane. "Ulijua tangu lini?"

Macho angeweza kusema alipiga mara tu alipojua. Bosi alikwisha kuwaambia wakaguzi hivyo hivyo, na hakuna aliyembishia.

"Tangu cha tatu," alisema. "Bosi aliniambia nisubiri. Nikasubiri."

"Muda huo ungemtosha kumtoa yule mzee?"

"Naona ungetosha."

Mjane aliinama, akamwinua mtoto taratibu asiamke, akaingia naye ndani. Macho akasikia komeo likisukumwa.