Mama Mkwe Ukurasa wa Kwanza

Habib wa Bugembe alikuwa amepiga video za harusi kwa miaka saba, na miaka yote hiyo watu walimlalamikia jambo moja: ukitaka kuona keki, lazima uvumilie kanisa lote kwanza. Mwaka 1999 akapata dawa. Dada yake Hajara, mwenye ofisi ya kupiga chapa mjini Jinja, alinunua kompyuta yenye mashine ya kuchoma CD. Akamwazima, lakini kwa sharti.

"Harusi moja tu," alisema Hajara. "Wenyewe wakiipenda, kompyuta ibaki kwako. Wakiikataa, Jumatatu inarudi kwangu kuandika barua za watu."

Harusi yenyewe ilikuwa ya Racheal, binti wa Afande Masaba, askari magereza mstaafu wa Nakaloke, kule Mbale. Bwana harusi aliitwa Tonny, fundi wa redio mjini Buwenge.

Video haikumsumbua Habib. Kilichomnyima usingizi ni menyu, ile picha moja inayotokea ukishaweka CD, yenye namba zake: bonyeza moja uone kanisa, mbili uone ngoma, tatu keki, nne hotuba. Picha hiyo haisogei. Inakaa palepale mpaka mtu abonyeze namba. Habib alisema huo ndio uso wa kazi, na uso lazima uoshwe. Siku tatu alikata sura za watu kutoka kwenye tepu akizipanga juu ya rangi ya zambarau. Kwenye namba moja alimweka Tonny na suti yake. Kwenye namba mbili alimweka Namono, mama wa bibi harusi, anacheza, gomesi, lile gauni refu la sherehe, limejaa upepo. Nafasi ilikuwa finyu, akawasogeza. Bega la Tonny likaingia nyuma ya bega la Namono. Ikapendeza. Akawasogeza tena.

"Hifadhi na ile yenye vipande," Hajara alimwambia kutoka meza ya pili, bila kuinua macho kwenye barua yake. "Ile ambayo kila sura bado iko peke yake. Hii ya mwisho ikishahifadhiwa inashikana kama ugali. Huwezi kumtoa mtu."

"Nimtoe nani, dada? Imekwisha hii."

"Haya. Mimi nimesema."

Akahifadhi ile iliyoshikana, akachoma CD, akaanza safari ya Mbale.

Habib hakuwa mjinga. Amekulia Jinja, na anajua kwamba kwa Wagisu wa Mbale, na hata kwa Wasoga, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, hawashikani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Siku ya harusi alijitahidi asiwapige kwa pamoja. Ila mbele ya kompyuta alisahau kabisa. Mle ndani zilikuwa picha tu, si watu.

Nyumbani kwa Masaba, Jumamosi mchana, televisheni iliwekwa mlangoni. Wanaume walikaa barazani, na Tonny kati yao. Namono alikaa chumbani nyuma ya pazia, mahali anapoona televisheni bila kuonana na mkwe wake. Tonny, kwa kuwa ndiye mwenye harusi, alipewa rimoti.

Menyu ikatokea. Zambarau, namba nne, na Tonny amemwegemea mama mkwe wake kifuani, wote wanacheka.

Tonny aliinuka taratibu, akatazama ukutani, kisha akakimbia akapotelea kwenye migomba.

"Bwana picha," alisema Masaba, "hiyo kitu itaondoka lini?"

"Akibonyeza namba, afande."

"Nani?"

"Mwenye rimoti."

Wote wakatazama migomba. Habib aliona kompyuta ikirudi kwa dada yake kuandika barua za watu. Akaruka mbele ya televisheni, akatandaza mikono, akamziba Namono kwa tumbo lake. Tumbo lilitosha.

"Nimekosa, afande. Si makusudi."

"Makusudi ingekuwa nafuu," alisema Masaba. "Harusini walipita kila mmoja na njia yake, sawa. Wewe umewasimamisha hapa, wamekumbatiana, wanasubiri namba."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambieni huyo mwenye tumbo asogee. Nimecheza ngoma siku nzima, sijajiona hata kidogo."

Mzee mmoja akaanza kucheka, akaambukiza baraza lote. Masaba hakucheka, lakini alikaa chini.

"Jumamosi ijayo," alisema. "Mke wangu na yule mtoro wasionekane ukurasa mmoja. Ukishindwa, nipe tepu yangu, tusijuane."

Habib alirudi Jinja usiku huohuo akamkuta Hajara anafunga ofisi. Alimweleza yote, hata la tumbo, na kwamba ile picha iliyoshikana haikuwa na pa kuikata bila kumtoa Namono bega.

Hajara alivuta kiti, akafungua faili lililoandikwa "Barua za Mei." Humo ndani mlikuwa na Tonny peke yake, Namono peke yake, na namba zote nne.

"Ulihifadhi?"

"Nakujua tangu unanyonya," alisema Hajara. "Keti. Na safari hii unahifadhi mwenyewe, mara mbili, nikikuangalia."

Jumamosi iliyofuata Tonny alikaa barazani, mguu mmoja nje. Menyu ikatokea, yeye peke yake na suti yake. Kwenye namba mbili palikuwa na pazia tu, limechorwa kama lile la chumbani. Tonny akalielewa. Akamkabidhi Masaba rimoti, akatoka mwenyewe kistaarabu. Masaba akabonyeza mbili, na ukurasa wa pili ukafunguka: Namono, mkubwa kama televisheni yenyewe, gomesi limejaa upepo, anasubiri abonyezwe ndipo ngoma ianze.

Masaba akainua kidole.

"Usibonyeze," alisema Namono nyuma ya pazia. "Iache hapo."

Ikaachwa. Chai ikaletwa, ikanywewa. Masaba akamsogelea Habib. "Mtoto wa kaka yangu anaoa Desemba. Utakuja na hiyo kompyuta yako. Na mama mkwe wake naye umpe pazia lake."

Habib akakubali kwa kichwa.

"Baba," Tonny aliita kutoka kwenye migomba, "nirudi?"

"Bado," alijibu Masaba. "Mama anajitazama."